Bukavu: kabla ya kununua simenti ya kuziba ufa, tafuta kwanza maji yanapita wapi

Mwezi wa sita unapoingia na mvua kukatika, Bukavu inageuka kuwa karakana moja kubwa. Kuanzia Cimpunda hadi Panzi, kuanzia Nyamugo hadi Bagira, nyundo zinasikika asubuhi na mapema zikivunja mawe. Wamama wanapanda mlima na mchanga mgongoni, kamba imebana paji la uso, kwa sababu gari haliwezi kufika kule ambako parseli nyingi ziko.

Ni wakati ambapo kila mwenye nyumba anazunguka nje na kuhesabu kile ambacho miezi ya mvua imemwachia: ufa uliopanda kutoka kwenye msingi, ngazi iliyokatika vipande viwili, krepi iliyobanduka na kuacha matofali uchi, ukuta wa kushikilia udongo ulioanza kutoa tumbo. Zamani wengi wangeita fundi. Lakini tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, pesa imekuwa ngumu kuonekana mjini, na watu wengi wanaamua kufanya wenyewe: mfuko mmoja wa simenti, bruweti kadhaa za mchanga, truweli ya kuazima kwa jirani, na watoto wa nyumbani kwa kubeba maji.

Hakuna ubaya wowote katika kazi hiyo. Kuziba ufa mdogo, kurudisha simenti kati ya mawe ya msingi, kujenga upya ngazi mbili tatu, hayo yote mtu mwenye subira anaweza kuyafanya vizuri bila kuwa fundi. Tatizo ni kwamba kazi inaanzwa na mwisho wake. Ufa unazibwa, rangi inapakwa, nyumba inapendeza. Ikifika mwezi wa 11 ufa unarudi pale pale, mara hii mpana zaidi. Mwenye nyumba analaumu simenti, analaumu mchanga, anamlaumu muuzaji. Mara nyingi simenti haikuwa na kosa. Maji yaliyofungua ufa bado yanapita palepale.

Nyumba moja juu ya viwanja viwili

Ili kuelewa kwa nini kuta za Bukavu zinapasuka hivi, inafaa kutazama jinsi nyumba zenyewe zinavyokaa. Anayejenga Kadutu au Panzi ni nadra kupata kiwanja tambarare. Anakata mlima kwa jembe na chepeo, udongo anaouchimba upande wa juu anaumwaga upande wa chini, anaushindilia kwa miguu, na tayari ana uwanja wa kuweka nyumba. Kwa macho, uwanja ni mmoja. Kwa uzito wa nyumba, ni viwanja viwili. Nusu ya nyuma inakaa juu ya udongo wa asili uliobanwa kwa maelfu ya miaka. Nusu ya mbele inakaa juu ya udongo wa juzi, ambao bado unashuka kidogo kidogo, hasa ukinywa maji. Nusu moja ikikaa na nyingine ikishuka, ukuta unakatika katikati. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mteremko ufa unaanza kwenye dirisha la ubavuni na kushuka mpaka chini, kana kwamba nyumba ilitaka kugawanyika.

Udongo wenyewe hausaidii. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya udongo mwekundu uliotokana na mawe ya zamani ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Ukishiba maji unalainika na kuteleza, kila mtu aliyepanda njia za Funu siku ya mvua anaujua. Katika mtaa huo wa Funu mlima wenyewe unatembea, polepole lakini bila kusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kisayansi la Nature Geoscience ulilinganisha picha za angani na za setelaiti za kipindi cha miaka kama 70, na kuonyesha kwamba mwendo wa ardhi uliongezeka kadiri nyumba zilivyosogea juu ya mteremko huo, na kwamba namna mji unavyobadilisha njia za maji ni sehemu ya sababu. Kwa maneno mengine, mabati, njia, mifereji na mashimo ya vyoo vinachangia kuamua maji yaingie ardhini wapi, na mlima unajibu.

Kisha kuna matetemeko. Wakubwa wanakumbuka ile Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotikisa Bukavu na wilaya za Rwanda za ng'ambo ya Ruzizi, ambako ndiko watu wengi walikufa, baadhi yao wakiwa kanisani. Nyumba iliyopasuka siku kama ile na kufunikwa kwa krepi haikupona. Ufa ulibaki ndani, na mpangaji aliyekuja baadaye hakuambiwa.

Ufa unaosoma, na ufa unaokimbia

Si kila ufa ni habari mbaya. Mistari myembamba kama unywele inayosambaa kwenye krepi kama utando wa buibui mara nyingi ni alama ya simenti iliyokauka haraka. Inachukiza macho tu, haiangushi nyumba. Kugonga kwa vifundo vya vidole kunatosha: mahali panapotoa sauti ya debe tupu, krepi imeachana na ukuta na lazima ibanduliwe kabla ya kupaka nyingine.

Ufa unaopita ndani ya tofali lenyewe, au unaopanda kama ngazi ukifuata simenti kati ya matofali, unasema kitu kingine: msingi umeshuka upande mmoja. Ukiwa mpana juu kuliko chini, mara nyingi pembe ya nyumba inaegemea nje. Ufa uliolala, wa kwenda kushoto na kulia kwenye ukuta unaoshikilia udongo, ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu ukuta huo unasukumwa kutoka nyuma na umeanza kukunjika.

Swali la maana si ufa una urefu gani. Ni kama bado unatembea. Jibu linapatikana bila chombo cha bei. Mtu anakoroga simenti laini, au plasta, anapaka utepe mwembamba wa upana wa vidole viwili ukikatiza ufa, na anaandika tarehe kwa penseli pembeni. Wengine wanagandisha kipande cha kioo chembamba, upande huu na upande ule. Utepe au kioo kikibaki kizima mvua nzima, ufa ni wa zamani na umelala, unaweza kuzibwa. Kikikatika baada ya wiki chache, nyumba inatembea, na simenti yoyote itakayowekwa pale itakatika vilevile. Pamoja na hilo, jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuning'inizwa kutoka juu ya ukuta linaonyesha kama ukuta umesimama au umelala. Kamba ikiachana na ukuta chini sentimita tano kuliko juu, hapo si kazi ya truweli.

Bidoni 100 kwa jioni moja

Turudi kwenye maji, maana ndiyo yenye kesi. Tuchukue nyumba ya kawaida yenye mabati ya mita 8 kwa 5, yaani mita za mraba 40. Mvua nzito ya milimita 50, ambayo Bukavu inaijua vizuri, inamwaga juu ya paa hilo lita 2,000. Ni bidoni 100 za lita 20. Bila gutiere, bidoni hizo 100 zinaanguka kwenye mstari mmoja, kwenye mguu wa ukuta, palepale penye msingi. Zinachimba mtaro, zinarusha matope kwenye krepi, zinaingia chini ya mawe ya msingi na kulainisha udongo wa kumwaga ambao tuliusema. Jioni moja. Na mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano.

Kinachoshangaza ni kwamba nyumba hiyohiyo asubuhi inatuma watoto kutafuta maji ya kununua. Gutiere ya bati iliyokunjwa na fundi wa mabati, ikiteremka kwenye pipa, inaondoa mzigo kwenye msingi na inapunguza bidoni za kununua. Kati ya marekebisho yote ya nje ya nyumba, hakuna linalolipa haraka kama hilo, na wala halihitaji simenti. Cha kuangalia ni pipa likijaa maji ya ziada yaende wapi. Pipa linalofurika mlangoni limehamisha tatizo hatua mbili tu.

Baada ya paa, ni ardhi inayozunguka nyumba. Inatakiwa kushuka kutoka ukutani kwenda nje, sentimita kama tano kwa kila mita ya kwanza, ili maji yasilale kwenye msingi. Upande wa juu wa nyumba, ambako mlima unamwaga maji yake, panahitaji kanivo ya kuyapokea na kuyazungusha. Inaweza kuwa mtaro wa mawe na simenti wa upana wa chepeo. Mtaro huo una adui mmoja: chupa za plastiki na masashe. Kanivo iliyoziba ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inakusanya maji yote mahali pamoja kisha inayamwaga kwa pigo moja. Uchafu uleule ukifika ziwani unateremka hadi kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na kusumbua mitambo, na wote tunajua giza linalofuata. Salongo ya Jumamosi, ikifanywa kweli, inalinda kuta zaidi ya mifuko mingi ya simenti.

Yabaki maji ambayo hayatoki mbinguni: tiyo inayovuja chini ya ardhi, maji ya kufua nguo yanayomwagwa kila siku kwenye pembe ileile, shimo la choo lililochimbwa mita mbili nyuma ya ukuta. Ukuta wenye unyevu katikati ya mwezi wa saba, wakati mvua haijanyesha wiki sita, unamwonyesha mwenye nyumba kwamba chanzo ni mojawapo ya hayo. Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kulitambua.

Kiraka kinachokaa

Maji yakishapewa njia, na ufa ukishajulikana umelala, kazi ya simenti inaweza kuanza. Ufa hauzibwi kwa kupaka juu. Unafunguliwa kwanza. Kwa nyundo na patasi mtu anaupanua mpaka upate upana wa kidole na kina cha sentimita mbili au zaidi, ndani pawe papana kuliko mdomo ili kiraka kisitoke. Vumbi linaondolewa kwa brosi, ukuta unalowanishwa vizuri mpaka uache kunywa. Hatua hiyo ya kulowanisha ndiyo inayorukwa mara nyingi. Tofali kavu linafyonza maji yote ya mchanganyiko kwa dakika chache, simenti inabaki unga uliokauka, na kiraka kinatoka kama gamba.

Kisha inapakwa simenti iliyokorogwa kwa maji hadi iwe kama uji, na kabla haijakauka kiraka kinajazwa na kushindiliwa kwa nguvu. Kwa kazi hii ndogo kopo moja la simenti kwa matatu ya mchanga linatosha. Kwa kujenga mawe ya msingi, kipimo cha kawaida ni moja kwa nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo unakwenda na bidoni saba za lita 20 za mchanga. Kwa beto ya ngazi au ya njia ya mbele ya nyumba, ni simenti moja, mchanga mbili, graviye tatu: mfuko mmoja, bidoni tatu na nusu za mchanga, bidoni tano na kidogo za graviye.

Kupima kwa chepeo ndiko kunakopoteza watu. Chepeo ya mchanga uliolowa inabeba mlima, chepeo ya simenti inabeba kidogo, na mwisho wa siku moja kwa nne imekuwa moja kwa saba. Bidoni iliyokatwa juu ni kipimo kinachotosha.

Na maji ya kukorogea? Lita 25 kwa mfuko mzima, na pungufu ya hapo kama mchanga una unyevu. Wengi wanaweka karibu mara mbili kwa sababu mchanganyiko laini unateleza vizuri kwenye truweli na hauchoshi mkono. Lakini maji ya ziada yanapokauka yanaacha vitundu ndani, na beto yenye vitundu inavunjika chini ya kisigino. Mchanganyiko mzuri unachosha mkono.

Simenti nyingi inayouzwa Bukavu inavuka mpaka, ikiwemo ile ya kiwanda cha Cimerwa kilichoko Bugarama, ng'ambo ya Ruzizi. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko si urembo. 32.5 inatosha kwa krepi na kwa kujenga mawe. 42.5 inabeba zaidi, inafaa kwa nguzo na kwa beto yenye feri. Namba hizo zinapima nguvu baada ya siku 28, na zinamhusu tu aliyenunua mfuko mzima. Anayenunua simenti ya kupimwa kwa kopo sokoni hajui ilikaa wazi muda gani. Atie vidole ndani: simenti nzuri ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa, na inaingia baridi kidogo. Ikiwa na madonge yasiyovunjika kwa kubana, imeshakunywa unyevu na nguvu yake imekwenda. Nyumbani nako, mfuko uliolala sakafuni unaharibika kwa wiki chache. Uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mchanga nao una siri. Ule wenye udongo mwingi unashikana vizuri mkononi, na ndiyo maana unapendwa, lakini udongo huo unazuia simenti kushika. Njia ya kuupima ni chupa ya kioo: mchanga hadi nusu, maji juu yake, kutikisa kwa nguvu, kisha kuiacha saa kadhaa. Mchanga unakaa chini, udongo unakaa juu yake kwa tabaka la rangi tofauti. Tabaka hilo likizidi moja ya kumi ya mchanga, mchanga uoshwe au ukataliwe.

Kisha inakuja sehemu ambayo kiangazi cha Bukavu, kizuri kwa kuchimba, kinakuwa kibaya. Jua na upepo wa ziwa vinakausha kiraka kabla simenti haijamaliza kazi yake. Simenti haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, na ikiyakosa mapema inabaki dhaifu milele. Kwa hiyo kiraka, ngazi au krepi mpya vinafunikwa kwa mifuko iliyolowa na kumwagiwa maji asubuhi na jioni, siku saba angalau. Pale ambapo bidoni ya maji inanunuliwa, kumwagia ukuta kunaonekana kama wazimu, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinakufa. Maji yaliyooshea mboga au nguo bila sabuni nyingi yanatosha kwa kulowanisha mifuko. Kwa kukorogea, hapana, yatumike maji safi.

Jambo la mikono lisisahaulike. Simenti mbichi inachoma ngozi, na haiumi mara moja. Anayefanya kazi mikono mitupu na miguu mitupu asubuhi nzima anagundua vidonda jioni. Asiye na glavu avae masashe mazito mikononi, na maji safi yawe karibu ikiruka jichoni.

Kwa nyumba za mbao, ambazo ni nyingi Kadutu na Bagira, kazi ya mawe iko chini tu, kwenye msingi unaobeba mbao. Pale pawe pameinuka sentimita 20 au 30 kutoka ardhini. Simenti iliyopakwa mpaka ikagusa na kufunika mguu wa ubao inashikilia maji ndani, na ubao unaoza bila kuonekana. Kosa la aina hiyohiyo linapatikana kwenye nyumba za matofali yaliyojengwa kwa udongo: krepi nene ya simenti kali juu ya ukuta laini haidumu, inabanduka kwa vipande vikubwa kama ubao. Ukuta kama huo unataka krepi yenye simenti kidogo na chokaa, au udongo uliochanganywa vizuri na kurudiwa kila mwaka.

Ukuta ambao mwenye nyumba asiuguse peke yake

Kila msimu wa mvua mji unaamka na habari ileile: ukuta wa mtu wa juu umeangukia nyumba ya mtu wa chini, usiku, watu wakiwa wamelala. Mara nyingi ukuta huo ulikuwa umeonekana. Ulitoa tumbo, ukapasuka, mwenyewe akapaka simenti kwenye ufa, akaondoka akiwa ametulia.

Ukuta wa kushikilia udongo haufanani na ukuta wa nyumba. Kazi yake ni kusimama dhidi ya mlima, na mlima mkavu unavumilika. Uliojaa maji haukubali. Nyuma ya ukuta wa mita 2, maji peke yake yakijaa yanasukuma kwa nguvu ya kama tani 2 kwa kila mita moja ya urefu, na juu ya hapo bado kuna udongo. Kwa ukuta wa mita 3 nguvu ya maji inapita tani 4. Kuziba nyufa za ukuta kama huo bila kufungua njia ya maji ni kufunga milango midogo ambayo maji yalikuwa yamejitafutia. Kiraka kinaongeza hatari.

Matundu ya kutolea maji, ambayo mafundi wanayaita barbakani, ndiyo uhai wa ukuta. Ni vipande vya tiyo vya upana wa sentimita 5 hadi 10, vinavyopita ukutani vikiinama kidogo kuelekea nje, kila mita moja au moja na nusu, na nyuma yake mawe madogo ya kuchuja ili udongo usizibe. Tembea leo kwenye avenyu yoyote yenye mteremko, uhesabu kuta zilizojengwa bila hata tundu moja. Fundi analipwa kwa kazi inayoonekana, na hakuna anayempongeza kwa tundu. Kuna kuta nyingine zenye matundu mazuri yaliyozibwa kwa simenti na mwenye parseli wa chini, aliyechoka na maji ya jirani kumwagika uani kwake. Hasira yake inaeleweka. Lakini suluhisho ni kanivo chini ya ukuta, iliyopatanwa na majirani wote wawili, hata ikibidi mbele ya chefu wa avenyu, na si kuuziba ukuta mdomo.

Mwenye nyumba anaweza kufanya nini mwenyewe? Kuzibua matundu kwa fimbo ya chuma kabla ya mwezi wa tisa. Kurudisha simenti kati ya mawe pale ilipotoka, ukuta ukiwa bado umesimama wima. Kuondoa mzigo uliowekwa juu, lundo la mchanga, tangi la maji, jiko jipya lililojengwa ukingoni. Kupeleka maji ya uani mbali. Kujenga upya kiukuta cha urefu wa magoti au cha kiuno cha mtu pia kunawezekana, kwa mawe makubwa chini na mguu mpana usiopungua theluthi moja ya urefu.

Zaidi ya hapo, anahitajika mtu aliyesomea. Bukavu haina ukosefu wa wajuzi: kuna wahandisi, kuna mafundi waliopita INPP, kuna ofisi ya mipango miji ambayo kibali chake kinahitajika kisheria hata kama wengi wanakiruka. Pesa ya kumwita mtu kama huyo kutazama kwa saa moja ni ndogo kuliko bei ya mifuko mitano iliyowekwa mahali pasipofaa. Na ukuta ulioanza kutoa tumbo, wenye ufa wa kulala na udongo uliopasuka nyuma yake sambamba na ukuta, hautengenezwi mvua ikinyesha. Walio chini yake wanahama kwanza, angalau kwa kulala. Kitanda cha watoto kinatolewa kwenye chumba kilichoegemea upande ule. Hilo halihitaji simenti wala mhandisi, na linaweza kufanywa leo jioni.

Ugumu unabaki kati ya majirani. Anayeishi chini anauona ufa kila asubuhi akifungua mlango. Mwenye ukuta, anayeishi juu, haoni kitu, kwa sababu yeye anatembea juu yake. Wa chini akipanda kusema, anasikika kama mtu anayetafuta ugomvi au fidia. Mjini humu wapo walionyamaza mvua mbili tatu kwa heshima, kwa sababu mwenye ukuta ni mzee wa kanisa au ndiye aliyewauzia kiwanja. Utepe wa simenti wenye tarehe unasaidia hapo pia. Papa wa juu anaweza kubishana na maneno ya jirani, lakini akishuka mwenyewe na kuona utepe wa mwezi wa nane umekatika mwezi wa kumi, kidole kinaingia katikati, mazungumzo yanabadilika.

Mvua za kwanza zinategemewa mwezi wa tisa. Kwa waliomaliza kazi zao, siku ya kwanza ya mvua kubwa ni ya kutoka nje na mwamvuli na kuzunguka nyumba polepole, kutazama maji yanaanguka wapi, yanalala wapi, na kama yanatoka kwenye matundu ya ukuta. Yakitoka yakiwa safi, ukuta unapumua. Yakitoka mekundu, yanabeba udongo wa nyuma, na kuna shimo linalochimbwa mahali ambapo macho hayafiki.